Max Fischer na Marafiki Wasio wa Rika Lake

Max Fischer ana miaka 15 na baba yake ni kinyozi. Mzee Bert Fischer ni mpole, anampenda mwanawe bila makelele, na mkasi wake ndio unaolisha nyumba. Lakini katika Rushmore, shule ya binafsi ya wana wa wenye nazo, Max hueneza habari kwamba baba yake ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuteleza ulimi siku moja akajuta. Anausema uongo huo kwa utulivu, anaulinda, na anauvaa kila asubuhi pamoja na koti la shule lenye nembo kifuani.

Mtazamaji anayetaka kumwelewa kijana huyu wa filamu ya Rushmore anashauriwa aanzie hapo, kabla ya kufika kwenye vituko. Vituko ni vingi, na ndivyo vinavyokumbukwa: nyuki wanaotiwa chumbani mwa mtu hotelini, breki za gari zinazokatwa, uwanja wa besiboli unaochimbwa ili pajengwe makazi ya samaki ya kumfurahisha mwalimu. Anayeanza na vituko huishia kwenye moja ya hukumu mbili za haraka. Ama Max ni kipaji kikubwa kilichozaliwa mahali pasipokielewa, ama ni mtoto mjeuri aliyekosa wa kumkanya. Hukumu ya kwanza inamsamehe kila kitu. Ya pili haimwoni kabisa. Uongo kuhusu kazi ya baba unaeleza zaidi, kwa sababu ndio unaoamua Max atakuwa rafiki wa nani.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka 1998. Wes Anderson aliiongoza, na aliiandika pamoja na Owen Wilson. Ilipigwa picha Houston, Texas, na majengo yanayoonekana kuwa ya Rushmore ni ya St. John's School, shule aliyosoma Anderson mwenyewe na ambako alikuwa akiandaa maigizo. Wilson naye aliwahi kufukuzwa shule ya sekondari, jambo linalompata Max pia. Waandishi hawa hawakuwa wakikisia maisha ya kijana wa aina hii wakiwa mbali. Jason Schwartzman, aliyecheza kama Max, alikuwa na miaka 17 na hakuwa amewahi kucheza filamu yoyote. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Rushmore katika orodha ya filamu za nchi hiyo zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Ushauri wa kwanza kwa mtazamaji ni kutopima ukomavu wa Max kwa maneno yake. Kijana huyu anazungumza kama meneja wa kampuni. Anajua kushika mkono wa mtu mzima, kutaja jina lake, kumsifu pale anapopenda kusifiwa. Mwanzoni mwa filamu picha zinapita haraka zikionyesha vyama vyake: chama cha Kifaransa, cha astronomia, cha mwandiko wa mapambo, cha wafuga nyuki, timu ya mdahalo, timu ya vitara, kundi la maigizo lenye jina lake mwenyewe. Karibu kila mahali yeye ni rais, mwanzilishi, nahodha au mwongozaji. Wakati huohuo mkuu wa shule, Dk. Guggenheim, anamhesabu miongoni mwa wanafunzi dhaifu kabisa alionao, na anamtishia kumfukuza asipofaulu.

Mambo hayo mawili yawekwe pamoja. Kijana anayefeli darasani, mahali ambapo angekuwa mwanafunzi kama wengine, amejitengenezea mahali pengine pengi ambako yeye ndiye mkubwa. Ni vigumu kumwona akiwa mwanachama tu, aliyekaa benchi moja na wa umri wake, akisubiri zamu. Kujua kuongoza amejua. Kukaa sawa na wenzake bado.

Mwaka 1967 mwanasaikolojia Mmarekani David Elkind alieleza mambo mawili ya fikra za vijana wanaobalehe ambayo yanamsaidia sana anayemtazama Max. La kwanza ni kwamba kijana huhisi kama ana hadhira inayomtazama muda wote, inayomhukumu nywele, viatu na matamshi. La pili ni imani kwamba hisia zake ni za pekee, kwamba hakuna mtu aliyewahi kupenda au kuumia kama yeye, na kwa hiyo kanuni za watu wengine hazimhusu sana. Kijana wa kawaida hubeba hadhira hiyo kichwani. Max ameipangia viti. Anaandika tamthilia, anaziongoza, anazicheza, na watu halisi wanakaa gizani wakimpigia makofi. Filamu nayo inafunguliwa kwa mapazia, na pazia hufunguka tena kila mwezi wa hadithi unapoanza, kana kwamba maisha yote ya kijana huyu yako jukwaani.

Kwa hiyo mtazamaji anapomwona Max akizungumza kwa ufasaha, ajiulize anamzungumzia nani. Mara nyingi ataona kwamba anayesikiliza hapewi nafasi ya kujibu.

Halafu kuna jambo la wakati. Herman Blume, tajiri mwenye kiwanda cha chuma, anamuuliza Max siri ya furaha yake. Kijana anajibu kwamba mtu atafute kitu anachokipenda akifanye maisha yake yote, na kwake yeye kitu hicho ni kusoma Rushmore. Jibu hilo hupita haraka na watu hucheka, lakini ni vizuri kulirudia. Vijana wengi wa miaka 15 wanahesabu siku za kumaliza shule. Huyu anataka isimalizike. Anapotishiwa kufukuzwa, wazo linalomjia ni kuuliza kama anaweza kubaki hata mwaka mmoja zaidi baada ya kumaliza. Hapo ndipo kutokomaa kwake kunapojitokeza wazi, kuliko katika ugomvi wote unaofuata: amesimamisha saa na hataki mtu aiguse.

Sababu ya kuisimamisha saa hiyo, filamu inaitaja kwa sentensi chache tu. Mama yake, Eloise, alifariki kwa saratani Max akiwa na miaka 7. Ni yeye aliyempeleka Rushmore, baada ya mtoto kuandika mchezo mfupi wa kuigiza ulioiwezesha familia ya kinyozi kupata ufadhili. Mashine ya chapa anayoitumia Max kuandikia tamthilia zake ina maneno ya pongezi kutoka kwa mama. Shule, tamthilia na mama ni kitu kimoja kwake. Akifukuzwa Rushmore anafiwa mara ya pili, na mtazamaji aliyeliona hilo hatashangaa tena kwa nini kijana anaendelea kuvaa koti la Rushmore hata baada ya kuhamia Grover Cleveland, shule ya serikali ambako hakuna mwingine aliyevaa hivyo.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Hakuna mahali ambapo Max analia hadharani kwa ajili ya mama yake, wala hakuna mhusika anayesimama kumweleza mtazamaji kwamba huyu ni yatima wa mama mwenye majonzi. Anayetafsiri asizidishe. Ashike vitu vinavyoonekana: mashine ya chapa, kaburi la mama, koti. Kisha aonyeshe vinavyoungana na matendo.

Baada ya hapo mtazamaji achukue karatasi na kuandika marafiki wa Max, kila mmoja na umri wake wa kukadiria, anachompa Max na anachopewa. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini linafungua filamu nzima. Dirk Calloway ni mvulana mdogo, wa kupelekwa na kurudishwa shule na mama yake. Herman Blume ni mtu mzima mwenye mke na wana wawili mapacha wanaosoma hapohapo Rushmore. Rosemary Cross ni mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza, mjane. Mtu wa rika la Max hayumo. Yupo Magnus Buchan, lakini huyo ni adui.

Kwa nini? Jibu rahisi ni kwamba Max ana akili za kiutu uzima, wenzake hawamfai. Jibu hilo ndilo Max mwenyewe angelipenda. Lenye ukweli zaidi ni kwamba wa rika moja hushindana, hutembeleana, huulizana kwenu ni wapi na mzee wako anafanya kazi gani. Mtoto mdogo humwamini aliye mkubwa kwake. Mtu mzima huona adabu ya kijana akaridhika, asichunguze. Uongo wa baba daktari unadumu kwa watu wa aina hizo mbili. Katikati, kwa wenye miaka 15 na 16, ungepasuka siku ya pili.

Blume ndiye anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, na Bill Murray amemcheza kwa namna inayomfanya mtazamaji amhurumie na kumkasirikia kwa pamoja. Tajiri huyu aliyewahi kupigana Vietnam amechoka na ndoa, amechoka na wanawe, amechoka na fedha zake. Katika sherehe ya kuzaliwa kwa mapacha anapanda ubao wa kurukia akiwa na sigara mdomoni, anajirusha ndani ya bwawa na kukaa chini ya maji, mbali na kila mtu. Anapokutana na Max anamwona kijana mwenye kitu cha kukihangaikia, kitu ambacho yeye hana. Max naye amepata mwanamume mwenye hadhi ambayo kinyozi hana. Kila mmoja amemgeuza mwenzake dawa.

Urafiki wa namna hii hauna ubaya kwa kuwa tu umri umetofautiana. Watoto wengi wamelelewa na kunyanyuliwa na mjomba, jirani, mwalimu wa dini, fundi wa mtaani aliyewapa stuli wakae watazame kazi. Mzazi anayeitazama filamu hii asitoke na hofu ya kila mtu mzima anayemsemesha mwanawe. Aangalie kitu kimoja ambacho filamu inakionyesha bila kukitangaza: kwa muda mrefu Blume hajui duka la Bert lilipo. Anatoa fedha kwa miradi ya kijana, anatembea naye, anamsikiliza siri zake za mapenzi, na hajawahi kumsalimia baba yake. Mtu mzima anayemtakia mema kijana hubisha hodi kwao. Asipobisha, au kijana akimzuia kubisha, mzazi ana haki ya kuuliza, tena mapema, kwa sauti ya kawaida na bila kumfungia mtoto ndani.

Na mtu mzima huyo akianza kushindana na kijana, jambo limekwisha kuharibika. Blume anampenda mwanamke yuleyule ambaye Max anadai kumpenda. Kijana anapogundua, anamwambia mke wa Blume. Ndoa inavunjika, Blume anahamia hotelini, Max anamtia nyuki chumbani. Blume anaikanyaga baiskeli ya Max kwa gari. Max anakata breki za gari hilo na polisi wanamkamata. Muziki wa bendi za Uingereza za miaka ya 1960 unaifanya mfululizo huu wote uchekeshe, na mtazamaji asijilaumu kwa kucheka. Lakini akishacheka arudishe nyuma aitazame tena sauti ikiwa imezimwa. Atamwona mtu mzima akipigana na mtoto aliyefiwa na mama, na mtoto akifanya kitendo ambacho kingeweza kuua.

Mwalimu Cross anamwambia Max kwa uchungu kwamba yeye na Herman wanastahiliana, wote wawili ni watoto wadogo. Hakuna mhakiki aliyewahi kulisema jambo hilo kwa ufupi zaidi. Linakumbusha pia kwamba kutokomaa kihisia si ugonjwa wa balehe peke yake. Wanaomtafsiri Max mara nyingi humhukumu kijana na kumwacha mzee apite.

Rosemary Cross mwenyewe hana budi kueleweka kwa haki. Max anampata kupitia kitabu cha maktaba kuhusu mpiga mbizi Jacques Cousteau; kuna maneno yameandikwa humo kwa mkono, naye anafuatilia aliyekiazima. Mume wake marehemu, Edward Appleby, alisoma Rushmore, na alikufa maji. Mjane huyu amekuja kufundisha katika shule ya mumewe na analala katika chumba alichokulia mumewe. Yeye pia amesimamisha saa. Ndiyo maana anamvumilia Max kuliko inavyopasa. Anamwona kijana wa Rushmore mwenye moto ndani yake na anakumbuka. Max anadhani amependwa kidogo na anahitaji tu kujitahidi. Anapigania somo la Kilatini libaki kwa sababu mwalimu huyu amelitaja vizuri. Anatangaza mradi wa makazi ya samaki. Mbele ya watu mezani, akiwa amelewa baada ya onyesho la tamthilia yake, anamdhalilisha mwanamume aliyefuatana na mwalimu.

Mwalimu anasema hapana. Anaisema mapema, kwa upole, kisha kwa ukali, na mwishowe kwa maneno makavu yanayomlazimisha Max akabili maana halisi ya anachokiomba. Ushauri kwa mtazamaji ni kuzihesabu hapana hizo na kuangalia kila moja inapokelewaje. Hapo ndipo ukomavu wa kihisia unapopimika, kwa Max na kwa kijana yeyote aliye nyumbani. Max anaichukua kila hapana kama kasoro ya mpango, anakwenda kutengeneza mpango mkubwa zaidi. Hata baada ya kila kitu kuharibika anapanda hadi dirisha la mwalimu usiku, amejipaka damu ya bandia, akidai amegongwa na gari, ili atiwe plasta na kuonewa huruma. Mwalimu anagundua damu si damu na anamtoa.

Wapo wanaoliita tendo hilo mahaba ya kijana. Halipaswi kuitwa hivyo, hasa mbele ya wavulana wanaotazama. Zawadi kubwa, juhudi zisizokoma na kuvamia dirisha havigeuzi hapana kuwa ndiyo, na filamu inakubaliana na hilo: Max hampati. Wala Mwalimu Cross hakukosea kuwa mkarimu kwa mwanafunzi. Kwa walimu wanaoitazama, funzo lililomo ni la kazi za kila siku. Mwanafunzi aliyeonyesha mapenzi asiachwe akining'inia kwa maneno ya nusunusu yasiyotaka kumuumiza. Aambiwe wazi siku ya kwanza, na mwenzake mmoja kazini ajue.

Dirk, mdogo wa wote, hutazamwa kama pambo la filamu. Ni hasara. Mvulana huyu anamheshimu Max kama kaka mkubwa. Anapogundua uhusiano wa Blume na mwalimu, anamkabili Blume uso kwa uso kumtetea rafiki yake. Baadaye anapata habari kwamba Max alijisifu kwa wavulana wengine kwa uongo mchafu kumhusu mama yake Dirk. Anakasirika, na ana haki. Analipiza: ndiye anayemwandikia Max barua ya kumfichulia yanayoendelea kati ya Blume na Cross. Lakini baadaye, Max akiwa ameacha shule na anafanya kazi kwenye duka la kinyozi la baba yake, Dirk anakwenda kumtafuta na kupatana naye. Amekasirika, amesema, amesamehe. Mambo matatu ambayo watu wazima wawili wa hadithi hii hawayawezi, mtoto anayaweza. Mtazamaji anayebahatika kuitazama filamu mara ya pili amfuate Dirk tangu mwanzo hadi mwisho.

Na yupo Margaret Yang, msichana wa Grover Cleveland, wa umri wa Max, mwerevu, anayempenda waziwazi. Max hamwoni. Anamjibu kwa ukavu na kupita. Mtu wa rika lake amesimama mbele yake akiwa na miwani na tabasamu, na kijana anatafuta mjane. Margaret anapokuja kumweleza kwamba matokeo ya mradi wake wa sayansi aliyatunga, ndipo Max anamwangalia kama mtu. Kwa mara ya kwanza amekutana na mwenye miaka yake aliyedanganya kisha akakiri bila mtu kumlazimisha, na dunia haikuanguka. Onyesho hili ni fupi mno, na huenda ndilo lililo muhimu kuliko yote kwa anayefuatilia uongo kuhusu kinyozi.

Wengine hupenda kumpa Max jina la ugonjwa. Humwita hivi au vile kutokana na orodha za dalili zinazozunguka kwenye simu. Ni afadhali kuacha. Mhusika wa filamu hana historia zaidi ya dakika tisini na kidogo tunazoonyeshwa, na jina la ugonjwa likishabandikwa mtazamaji huacha kutazama. Kumlinganisha na vijana wengine wa sinema kunasaidia zaidi. Antoine Doinel wa François Truffaut, katika filamu ya Kifaransa ya mwaka 1959, naye anadanganya shuleni: anasema mama yake amekufa, kumbe yu hai. Max amefiwa na mama kweli na uongo wake unamhusu baba. Antoine anakimbia shule, Max anaililia. Billy Casper wa filamu ya Kiingereza Kes, ya mwaka 1969, hana rafiki wa rika lake pia. Rafiki yake ni kozi anayemfuga na kumfundisha. Lakini Billy hadanganyi kuhusu umaskini wao, hawezi hata kuuficha. Ukiwaweka watatu hawa pamoja, Max anaonekana alivyo: mwenye bahati kuliko wenzake kwa jambo moja kubwa, kwamba ana baba anayempenda, na ndiye aliyemficha.

Bert naye anajua. Kuna wakati anaulizwa kama ni kweli yeye ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Anajibu kwamba ni kinyozi, ila watu wengi hufanya kosa hilo. Hamkani mwanawe, hamwaibishi, wala haungi mkono uongo. Wazazi wengi katika hali hiyo wangemchapa kijana kwa maneno mbele ya wageni, na wangekuwa na sababu. Jibu la Bert linamwachia mwanawe mlango wa kurudi nyumbani bila kulipishwa kiingilio.

Dalili za kukua kwa Max zisitafutwe kwenye hotuba, kwa kuwa hotuba amezijua tangu awali. Zitafutwe kwenye vitendo vidogo. Anampa Blume beji moja kati ya mbili alizopata Rushmore, ya kuhudhuria bila kukosa na ya kuwahi. Blume anachagua ya kuwahi, na kipande cha Rushmore kinaondoka mikononi mwa Max kwa hiari yake. Anamchukua Blume hadi dukani kwa kinyozi, anamtambulisha kwa baba yake, na tajiri anakaa kitini akanyolewa. Anamfuata Magnus, adui wake, na kumpa nafasi katika tamthilia mpya kuhusu vita vya Vietnam. Usiku wa onyesho anaitoa kwa kumbukumbu ya mama yake na ya Edward Appleby. Amewapangia Blume na mwalimu viti vya jirani. Baba yake yuko ukumbini, mbele ya wote, akiwa kinyozi.

Isidhaniwe kwamba amepona. Bado ni yeye anayewapangia watu wazima nani akae na nani, bado ana baruti jukwaani na watazamaji wamegawiwa miwani na vizibo vya masikio. Kijana wa miaka 15 habadiliki miezi mitano akawa mtu mwingine. Kilichobadilika ni kwamba hadhira sasa inamjua alikotoka, na Margaret Yang yuko kando yake akitambulishwa kwa jina.

Mzazi au mlezi anayetaka kuitazama filamu hii na kijana wake ajue kwamba nchini Marekani iliwekewa alama ya R kwa ajili ya lugha chafu, na mazungumzo kadhaa ya mapenzi ni makali. Watoto wadogo waachwe. Kwa wa sekondari, mazungumzo yasianze kwa kuuliza filamu imefundisha nini, maana jibu litakuwa lile la darasani. Maswali yanayozaa ni ya mahali mahususi. Kwa nini Max hakumleta Blume dukani tangu mwanzo? Dirk alipotukanwa mama yake, angefanya nini kingine? Mwalimu Cross alipaswa kusema nini siku ya kwanza? Kijana akimtetea Max kwa nguvu, mzazi asikimbilie kumrekebisha. Asikilize anamtetea katika jambo gani, kwa sababu hapo pengine anajizungumzia mwenyewe. Akiuliza naye, kwa mfano, kama baba au mama aliwahi kuona aibu juu ya kwao, ajibiwe ukweli.

Na kama kijana aliye sebuleni ana marafiki wasio wa rika lake, usiku huo wasitajwe. Watajwe baada ya siku chache, kwa kuwakaribisha chakula.